Nimepata 8 kati ya 20: je, niahirishe mwaka nirudi Arua?

SWALI: Mwalimu, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni binti wa miaka 19, mzaliwa wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na nimeingia mwaka wa kwanza wa shahada ya takwimu katika chuo kimoja cha umma hapa Kampala. Katika kidato cha sita nilisoma Hisabati, Uchumi na Jiografia, na nilikuwa wa kwanza darasani. Sasa wiki ya sita inamalizika, na katika jaribio la kwanza la somo la uwezekano nimepata alama 8 kati ya 20. Sijawahi kupata alama kama hizo. Darasani tuko mamia, mhadhiri hanijui, wenzangu wakitoka nje ya darasa hujadiliana kwa Kiganda ambacho nakielewa kwa shida, pesa za mwezi zinakwisha kabla ya wiki ya tatu, na usiku nampigia mama simu nikilia. Mama aliuza ng'ombe wawili ili nije huku. Nafikiria kuahirisha mwaka nirudi nyumbani, au nihamie Chuo Kikuu cha Muni kilicho karibu na kwetu. Unanishauri nini?

JIBU: Binti yangu, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na jibu langu ni kwamba usiahirishe mwaka, wala usihame katika wiki ya sita ya muhula wa kwanza. Sisemi hivyo kwa kuyaona madogo yanayokusumbua. Nasema hivyo kwa sababu mambo manne uliyoyataja, yaani alama, lugha, pesa na upweke, kila moja lina dawa yake, lakini umeyafunga pamoja yakawa mzigo mmoja, na mzigo huo ndio unaokuambia urudi nyumbani. Naona wazi kwamba kilichoufunga mzigo huo ni ile alama ya 8. Kabla ya hapo ulikuwa mpweke, lakini hukuwa umefikiria kuondoka. Basi tuanze na alama.

Katika vyuo vyetu vingi vya umma, kwa utaratibu unaofanana na ule wa Makerere, alama za kila kozi hugawanywa sehemu mbili: kazi za muhula, yaani majaribio na kazi za kuandika, huchukua 40 kati ya 100, na mtihani wa mwisho huchukua 60. Tuseme jaribio lako lina uzito wa alama 20 katika zile 40. Hapo umepoteza alama 12, na zimebaki 80 ambazo bado hazijaguswa na mtu yeyote. Ili ufaulu kozi hiyo kwa 50 unahitaji alama 42 kati ya hizo 80, ambazo ni zaidi kidogo ya nusu. Ili uipate 60 unahitaji 52, yaani asilimia 65. Kwa msichana aliyeongoza darasa la Hisabati, hilo si jambo la miujiza. Na kama jaribio lina uzito mdogo zaidi, kwa mfano 10, hasara yako ni ndogo zaidi. Uzito huo umeandikwa katika mwongozo wa kozi uliotolewa wiki ya kwanza, karatasi ambayo wanafunzi wengi huikunja na kuisahau. Itafute leo, kwa kuwa ndiyo yenye tarehe za majaribio yaliyobaki.

Sasa utazame muhula mzima. Wastani wa jumla unaoamua daraja la shahada hupimwa kwa kipimo cha 5.0, na daraja la pili la juu huanzia 3.60. Shahada ya miaka mitatu ina mihula sita. Mwanafunzi anayemaliza muhula wa kwanza akiwa na 2.8 tu, kisha akapata 4.0 katika mihula mitano inayofuata yenye uzito sawa, atamaliza na 3.8. Muhula mmoja mgumu hauwezi kuivunja shahada. Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Wapo wakubwa wa mabweni ambao kila Agosti huwaambia wanafunzi wapya kwamba muhula wa kwanza ni wa kuzoea mji tu, na kwamba kusoma kutaanza baadaye. Huo ni ushauri mbaya, na umewaponza wengi, kwa sababu alama za muhula wa kwanza huingia katika wastani sawasawa na za muhula wa sita, na kozi uliyoanguka utalazimika kuirudia itakapofundishwa tena, ukiwa tayari na kozi nyingine za wakati huo. Nakuomba usihofu, lakini pia usilegee.

Swali lenye uzito zaidi ni hili: kwa nini mtu aliyekuwa wa kwanza apate 8? Wengi katika hali yako hujibu haraka kwamba akili zao zilitosha kwa shule ya nyumbani tu na kwamba Kampala imewafichua. Mimi siamini hivyo.

Kumbuka ulivyosoma sekondari. Ikiwa ulikuwa shule ya bweni, kama walivyo wengi wanaofika kidato cha sita nchini, kengele ilikuamsha kabla ya mapambazuko, ukaenda prepu ya alfajiri, yaani kipindi cha kujisomea, ukaingia darasani, ukala kwa kengele, ukarudi prepu ya usiku, na taa zikazimwa kwa kengele. Masomo yalikuwa matatu makuu pamoja na Karatasi ya Jumla (General Paper) na somo moja dogo la ziada, na yalisomwa kwa miaka miwili kabla ya mtihani wa Baraza la Mitihani la Uganda. Mwaka wa kwanza wa miaka hiyo ulikuwa na nafasi ya kujikwaa na kuinuka bila mtu kuandika popote. Karibu na mtihani zikaja semina, shule zikakutana, maswali ya miaka iliyopita yakafanywa mpaka yakazoeleka. Mwalimu alikujua kwa jina, na ukikosa prepu ulitafutwa. Ulifanya kazi kwa bidii, hilo halina shaka, lakini hukuwahi kuamua wewe mwenyewe ni saa ngapi usome nini. Shule ilikuamulia.

Kisha ukakaa nyumbani. Mtihani wa kidato cha sita humalizika karibu na mwisho wa mwaka, matokeo hutoka mapema mwaka unaofuata, na chuo hufunguliwa Agosti. Hiyo ni miezi kama minane bila kugusa hesabu, labda ukisaidia dukani au ukilea wadogo zako. Hakuna mwanariadha anayerudi uwanjani baada ya likizo ya namna hiyo akakimbia kwa kasi yake ya zamani katika wiki ya kwanza. Sehemu ya zile alama 12 ulizopoteza ni kutu ya miezi hiyo, na kutu huondoka kwa kazi.

Chuoni ukakuta mambo yamegeuka. Muhula una wiki 17, kati yake 15 za kufundishwa na mbili za mitihani. Kozi tano au sita zinaanza kwa pamoja, na zote zitahesabiwa kabla ya Krismasi. Hakuna tena mwaka wa kujikwaa. Wakati huohuo, saa za darasani zimepungua sana: kizio kimoja cha kozi (credit unit) ni saa 15 za kufundishwa kwa muhula, kwa hiyo kozi tano za vizio vinne hukupa takriban saa 20 za mihadhara kwa wiki, na wiki ina saa 168. Mtu aliyepangiwa kila saa kwa miaka sita anapewa ghafla wiki nzima mkononi, na hakuna anayemfundisha namna ya kuipanga. Hapo ndipo wanafunzi bora wa shule za bweni huanguka, na mara nyingine huanguka vibaya kuliko wale wa kutwa waliozoea kujipangia nyumbani. Chuo kimeondoa kengele, na wewe bado hujaweka yako.

Basi iweke. Chukua saa 20 za mihadhara uziandike kwenye karatasi ya wiki, kisha utafute saa nyingine 20 za kusoma peke yako, nazo uziandike kwa jina la kozi na mahali. Usiandike tu kwamba utasoma. Andika kwamba Jumanne saa nane hadi saa kumi mchana utafanya maswali ya uwezekano maktaba. Mahali ni muhimu kuliko wanafunzi wanavyodhani, maana chumba cha hosteli chenye watu wawili au watatu, redio na simu kimejengwa kwa ajili ya kulala. Ukitoka darasani asubuhi ukapita maktaba kabla ya kurudi hosteli, utafanya kazi. Ukirudi hosteli kwanza ili upumzike kidogo, giza litakukuta hujafanya lolote. Yatakusaidia zaidi masaa mawili siku hiyohiyo ya mhadhara, mambo yakiwa bado mabichi, kuliko masaa sita Jumapili.

Kuhusu namna ya kusoma, nina neno moja kwa ajili ya somo lako. Nashuku kwamba ulijiandaa kwa jaribio kwa kusoma madokezo yako mara nyingi hadi yakaonekana mepesi. Wepesi huo hudanganya. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma maandishi na wale walioyasoma kisha wakajaribu kuyakumbuka bila kuyatazama. Dakika chache baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo, lakini baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka mengi zaidi. Katika takwimu jambo hili linakuwa kali zaidi, kwa kuwa kuelewa mfano uliotatuliwa ubaoni ni kitu kimoja, na kuanza swali jipya kwenye karatasi tupu ni kitu kingine. Funga daftari, tatua swali, kwama, kisha ndipo ufungue. Maswali ya mitihani iliyopita hupatikana maktaba na kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, ila kwa sasa yatumie kujipima, usiyakariri kama wengi wanavyofanya kuelekea mtihani wa kidato cha sita, kwa sababu mhadhiri hana wajibu wa kuyarudia.

Karatasi yako ya jaribio iko wapi? Hukuniambia kama umeiona au umeona alama tu kwenye ubao wa matangazo. Kama hujaiona, iombe. Kama unayo, nenda nayo kwa mhadhiri au kwa msaidizi wake katika saa za kupokea wanafunzi. Unasema mhadhiri hakujui, nami nakubali kwamba katika darasa la mamia hawezi kukujua ukiwa umeketi. Atakujua ukibisha mlango. Wanafunzi wetu wengi huona kumwendea mhadhiri ni utovu wa adabu au ni kujipeleka kwa hakimu, ilhali wahadhiri wengi hukaa ofisini saa hizo bila kumwona mtu yeyote hadi wiki ya mwisho, pale msururu unapojaa mlangoni. Nenda mapema, msalimie kwa cheo chake, na uwe na swali mahususi, kwa mfano: "Daktari, katika swali la tatu nilitumia kanuni ya kuzidisha, lakini sioni kwa nini matukio haya hayakuwa huru." Ukienda na kilio kwamba somo ni gumu, atakuhurumia tu, lakini ukienda na swali la tatu atakufundisha.

Nije kwenye lugha. Mihadhara na mitihani ni ya Kiingereza, kwa hiyo Kiganda hakiwezi kukuangusha mtihani, ila kinaweza kukufanya ujione mgeni katika nchi yako, na maumivu hayo nayajua kwa wanafunzi wengi wanaotoka West Nile, Acholi na Karamoja. Wenzako hawakusudii kukutenga, kwani mtu akichoka hurudi kwenye lugha ya nyumbani kwao bila kufikiri. Katika kikundi cha majadiliano sema waziwazi, bila kununa, kwamba hufuati na kwamba unaomba mrudi kwenye Kiingereza, na usishangae wakiomba radhi. Bora zaidi, anzisha kikundi chako cha watu watatu au wanne. Tafuta waliotoka pande mbalimbali, ili lugha ya pamoja iwe ya lazima kwa kila mmoja. Kwa kuwa wewe ni hodari wa hesabu, utapata watu. Kiganda nacho jifunze, angalau cha sokoni na cha kwenye teksi, maana utaishi Kampala miaka mitatu, na muuza nyanya atakupunguzia bei ukimsalimia kwa lugha yake.

Jumuiya za wanafunzi wa eneo moja na zile za dini zipo karibu katika kila chuo. Pale Makerere, kwa mfano, kuna msikiti, na kuna makanisa ya Mtakatifu Fransisko na Mtakatifu Augustino ambayo yamewapokea wageni wengi. Nenda, ukale na watu wanaojua kwenu. Ninachokuonya ni kujificha humo kabisa, mpaka ukamaliza mwaka bila rafiki hata mmoja wa darasani.

Sasa simu za usiku. Arua iko karibu kilomita 500 kutoka hapa. Unapompigia mama saa nne usiku ukilia, wewe ukishalia utapata usingizi, lakini yeye atakesha. Tena usiku, ukiwa umechoka na hujala vizuri, ndio wakati mbaya kuliko wote wa kupima maisha yako. Hamishia simu hiyo mchana au jioni mapema, siku mlizokubaliana, na umweleze mambo ya kawaida pia: ulichokula, mhadhara uliokuvutia, mwenzako wa chumbani anavyokoroma. Mwambie ukweli kuhusu jaribio, lakini mwambie pamoja na ile hesabu niliyokupa hapo juu. Na kuhusu ng'ombe, binti yangu, mama yako aliwauza kwa sababu alitaka usome. Hakukutaka uwe wa kwanza kila wiki. Wanafunzi hugeuza sadaka ya mzazi kuwa deni la kulipwa kwa alama, kisha kila jaribio linakuwa hukumu, na hakuna anayefikiri vizuri mbele ya hukumu.

Hata hivyo, kuna upweke unaokuja na kuondoka, na kuna ugonjwa. Ikiwa kwa majuma mawili mfululizo hulali au unalala mchana kutwa, chakula hakipiti, kitu ulichokipenda hakikupi raha yoyote, au mawazo ya kufa yanakujia, usisubiri jibu la mwalimu gazetini. Nenda siku hiyohiyo kwenye hospitali ya chuo au kwa mshauri nasaha katika ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Huduma hiyo ipo kwa ajili yako, na kuitumia si wazimu wala aibu. Hospitali ya Taifa ya Butabika, ya magonjwa ya akili, nayo hupokea vijana wa vyuo kama inavyopokea watu wengine.

Kuhusu pesa nitakuwa mfupi. Mwombe mama asitume za mwezi kwa mara moja, bali atume kila wiki mbili. Asitume kila siku, kwa sababu kila unapotoa pesa kwenye simu kuna ada ya wakala na kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa, na vidogo vingi hula kingi. Pika chumbani ikiwa hosteli inaruhusu, au nunua posho (ugali) na maharage mchana badala ya roleksi (chapati iliyoviringishwa na mayai) na soda mara tatu kwa siku. Mikopo ya programu za simu na michezo ya kubahatisha usiiguse kabisa. Ada ilipe kwa namba ya malipo uliyoitoa mwenyewe kwenye mfumo wa chuo, kamwe usimpe fedha mtu anayeahidi kukulipia kwa bei nafuu, kwa sababu stakabadhi za bandia zimewafukuza watu vyumba vya mitihani. Na kabla wiki hii haijaisha, hakikisha umesajiliwa katika kila kozi unayoisoma, kwani asiyesajiliwa hana matokeo hata kama alifanya mtihani vizuri.

Nirudi kwenye yale mawili uliyoyauliza. Kuahirisha mwaka ni haki iliyowekwa kwa sababu nzuri: ugonjwa, uzazi, msiba mzito, ada iliyokosekana kabisa. Anayeihitaji aombe kwa maandishi kwa msajili wa masomo, na asione haya. Wewe leo huihitaji. Kwa kuwa mwaka wa kwanza huanza Agosti, ukiondoka sasa utakaa nyumbani karibu mwaka mzima, kutu itaongezeka, na utakaporudi utakuta darasa lilelile la mamia, bila hata wale wachache uliokwisha kuwajua.

Muni ni jambo tofauti. Ni chuo cha umma kama vingine, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2013, na anayesoma karibu na nyumbani akipunguza gharama za hosteli na nauli anafanya uamuzi wa mtu mwenye akili. Lakini kuhamia huko katikati ya muhula hakupo kwa maana unayoifikiria. Kwa kawaida itakubidi uombe nafasi upya kwa mwaka wa masomo ujao. Tena kinajulikana zaidi kwa teknolojia ya habari, ualimu wa sayansi na uuguzi, kwa hiyo uliza kwanza kama shahada unayoitaka wewe wanaifundisha. Maliza wiki tisa za masomo zilizobaki na mbili za mitihani. Matokeo yakitoka, kaa na mama mkiwa na karatasi hiyo mezani pamoja na hesabu ya gharama za Kampala kwa mwaka. Ukiona bado unataka Muni, peleka maombi dirisha litakapofunguliwa, na uendelee na muhula wa pili hapa mpaka upate jibu, ili usipoteze nafasi uliyonayo kwa ajili ya nafasi ambayo bado hujapewa.